Faini ya trafiki na bima ya gari: iambie kampuni kabla haijajua kwingine

"Boss, stika yako inaisha Ijumaa. Nikutolee ingine?"

"Nitolee."

Hivyo ndivyo bima nyingi za magari zinavyouzwa Nakuru na Kisumu. Pesa zinatumwa kwa M-Pesa, cheti cha kidijitali kinaingia kwenye simu kabla chai haijapoa, na kila mtu anaendelea na shughuli zake. Hakuna aliyeuliza kama tangu mwaka jana umepigwa faini Molo kwa kwenda kasi, wala kama ile kesi yako ya Winam bado inatajwa kila mwezi. Sheria nayo haijali kwamba hukuulizwa. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu kamili: anayelijua gari na dereva wake ni mwenye gari, kwa hivyo ni yeye anayepaswa kusema.

Kipimo cha kinachopaswa kusemwa kimo katika sheria ya bima ya magari dhidi ya madhara kwa watu wengine, yaani Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Jambo lenye uzito ni lile ambalo lingeathiri uamuzi wa kampuni ya bima iliyo makini kama itakubali kubeba hatari hiyo, na ikikubali, kwa ada gani. Faini ya mkanda haifanani na kesi ya kugonga mtu kule Kondele, lakini zote mbili zinaweza kuingia kwenye swali moja la fomu.

Kwanza, jua una nini mkononi

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, panga karatasi zako. Watu huchanganya mambo matatu.

La kwanza ni hukumu. Ulifika mbele ya hakimu, ukakubali kosa au ukashindwa kesi, ukalipa faini. Hiyo ina jina la mahakama, nambari ya kesi, tarehe, kosa na kiasi. Kama umepoteza risiti, nenda masjala ya mahakama ile ile na nambari ya kesi au tarehe uliyofika kortini.

La pili ni kesi ambayo haijaisha. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Ulisimamishwa Salgaa, ukapelekwa kituoni, ukaacha dhamana ya pesa taslimu, ukaambiwa tarehe ya korti, ukarudi nyumbani ukisema "nimemalizana nao." Hujamaliza. Risiti ile inasema dhamana, na dhamana ni ahadi ya kurudi. Usipofika, hakimu anaweza kuamuru pesa zichukuliwe na atoe hati ya kukukamata, na kwa upande wa bima wewe ni mtu mwenye kesi inayoendelea. Fomu nyingi huuliza kuhusu kesi zinazoendelea pamoja na zilizokwisha, kwenye mstari mmoja.

La tatu ni kile kilichopita dirishani bila risiti. Hicho si faini wala hukumu, na ni kosa la jinai kwa aliyetoa na aliyepokea. Hakina mahali kwenye fomu ya bima, na mwongozo huu hauna la kukusaidia hapo.

Pima uzito wa kosa

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka viwango vinavyojulikana. Kuzidisha kasi kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa ni shilingi 500. Kwa 11 hadi 15 ni 3,000. Kwa 16 hadi 20 ni 10,000. Kushika simu ukiendesha ni 2,000. Kutofunga mkanda ni 500. Kosa moja la aina hii, lisilo na ajali, kwa kawaida haliitii hofu kampuni ya bima. Yakiwa manne kwa mwaka, yanaanza kusimulia hadithi kuhusu dereva, na mtu anayekadiria hatari analipwa kusoma hadithi kama hizo.

Makubwa yanajulikana: kuendesha ukiwa umelewa, kuendesha kwa njia ya hatari, kukimbia baada ya kugonga, kuendesha bila leseni au leseni ikiwa imesimamishwa, na kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka 10 gerezani. Haya hayana mjadala. Yaseme.

Kuna kosa moja ambalo madereva wa magharibi wanalichukulia kama la kawaida, na mimi naliweka karibu na makubwa: kubeba abiria wa kulipa kwa gari la kibinafsi. Simama Luanda au Ahero asubuhi ya siku ya soko uone Probox zinavyojaa. Mwenye gari akikamatwa, analipa faini, anarudi barabarani. Faini yenyewe haimuumizi. Inayomuumiza ni habari iliyomo ndani yake, maana sasa kuna rekodi ya mahakama inayoonyesha kwamba gari lililokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani linafanya kazi ya matatu. Cheti cha bima huandikwa matumizi ya gari, na nje ya matumizi hayo kampuni itasema haikukubali kubeba hatari hiyo. Kama hii ndiyo hali yako, kutangaza faini peke yake hakutoshi. Badilisha aina ya bima, au acha kubeba abiria. Najua bei ya bima ya magari ya abiria inauma. Lakini kulipia bima isiyofanya kazi ni kutupa pesa mara mbili.

Soma swali lenyewe, kwa macho yako

Hapa ndipo ningetaka utumie muda mwingi zaidi.

Fomu ya kuomba bima ya gari ina maswali ambayo hayatofautiani sana kati ya kampuni moja na nyingine. Je, wewe au mtu yeyote atakayeendesha gari hili amewahi kupatikana na hatia ya kosa la uendeshaji, au ana kesi inayoendelea? Je, umepata ajali ndani ya miaka kadhaa iliyopita? Je, kuna kampuni iliyowahi kukukataa, kufuta bima yako, kukataa kuihuisha au kukuongezea ada? Je, una tatizo la macho, masikio au viungo? Chini kabisa kuna tamko kwamba uliyoyasema ni ya kweli na kwamba ndiyo msingi wa mkataba, kisha mahali pa sahihi.

Sasa fikiria jinsi fomu hiyo inavyojazwa kwa kweli. Ajenti ana duka dogo karibu na stendi, foleni ya watu watano, na kamisheni anayoipata tu bima ikitoka. Anakuuliza jina, nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, nambari ya gari na thamani yake. Maswali yaliyobaki anayatia "hapana" kutoka juu hadi chini kwa mkono mmoja, anakuonyesha pa kutia sahihi. Pengine hata fomu huioni. Inajazwa baadaye, bima ikiwa imeshatoka. Si kwamba ana nia mbaya. Anajua "ndiyo" moja itamrudisha ofisini kuulizwa maswali, na wewe unataka stika leo.

Siku ya dai, fomu hiyo inatolewa kwenye faili. "Hapana" ile iko juu ya sahihi yako. Kueleza kwamba ni ajenti aliyeandika ni kazi ngumu, maana aliyetia sahihi amekubali maneno yaliyo juu yake.

Kwa hivyo fanya hivi. Mwambie ajenti, kwa heshima, "Ndugu, nipe fomu niisome kabla sijalipa." Jibu kila swali jinsi lilivyoulizwa. Likiuliza miaka mitano, hesabu miaka mitano. Lisipotaja muda, usijiwekee muda wako. Likiuliza kuhusu "mtu yeyote atakayeendesha," usijibu kuhusu wewe pekee. Pasipo na nafasi ya kueleza, andika "tazama barua iliyoambatishwa." Piga picha kila ukurasa ukishatia sahihi. Na usitie sahihi fomu tupu, hata kama ajenti ni binamu yako. Hasa kama ni binamu yako, kwa sababu hutataka kumshtaki baadaye.

Kama unanunua kupitia simu na hakuna fomu inayoonekana, omba itumwe. Ikishindikana, tuma taarifa yako mwenyewe kwa maandishi kabla ya kulipa.

Wanaokata bima ya mwezi mmoja mmoja ya mtu wa tatu, yaani ile ya madhara kwa watu wengine tu, wana jambo la ziada la kuangalia. Kila unaponunua upya, wajibu wa kusema huamka tena. Faini ya Februari inapaswa kuwa imesemwa unaponunua cheti cha Machi.

Andika, usiseme kwa mdomo tu

Kumwambia ajenti "si unajua niliwahi kushikwa" ni maneno ya upepo. Andika kwa barua pepe ya kampuni yenyewe, nakala kwa ajenti au broka. Kwa kawaida wajibu huu huja unapoanza bima na unapoihuisha, lakini mikataba mingine inataka uarifu mabadiliko hata katikati ya mwaka, kwa hivyo fungua ule mkataba mrefu unaousoma mara moja kila miaka kumi na utafute kifungu cha mabadiliko. Ukikosa uhakika, arifu sasa. Kiingereza au Kiswahili ni sawa. Kinachotakiwa ni tarehe, ukweli, na ombi la jibu. Kwa mfano:

"Kwa idara ya bima za magari. Mimi ni mwenye gari nambari hii, cheti cha bima nambari hii. Nawaarifu kwamba tarehe 14 Machi mahakama ya Molo ilinitoza faini ya shilingi 10,000 kwa kuzidisha kasi kwa kilomita 18 kwa saa. Hakukuwa na ajali, hakuna aliyeumia, na leseni yangu haikusimamishwa. Nakala ya risiti imeambatishwa. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmepokea taarifa hii, na mniambie kama inabadilisha ada au masharti yangu."

Basi. Usijitetee kwa kurasa mbili kuhusu polisi aliyejificha nyuma ya mti. Usipunguze kosa wala usiliongeze. Kama kesi haijaisha, badala ya faini andika shtaka, mahakama, nambari ya kesi na tarehe ya kutajwa tena, kisha andika tena itakapoamuliwa, hata ukiachiliwa huru. Watu husahau hilo la mwisho, na kwenye faili lao wanabaki washtakiwa milele.

Jibu likija, lihifadhi pamoja na picha za fomu. Lisipokuja baada ya wiki moja au mbili, tuma tena ukitaja barua ya kwanza.

Wanachoweza kukujibu

Mara nyingi hawabadilishi kitu. Wakibadilisha, huwa ni kuongeza ada, kuongeza kile kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe, kumwondoa dereva fulani kwenye bima, au kukataa.

Ongezeko la ada huogopesha kuliko linavyostahili. Tuseme ada yako ya bima kamili ni shilingi 40,000. Juu yake kuna ada ya mafunzo ya asilimia 0.2, ambayo ni 80, mchango wa mfuko wa fidia kwa wenye bima wa asilimia 0.25, ambao ni 100, na stempu ya 40: jumla 40,220. Kampuni ikikuongezea asilimia kumi, ada inakuwa 44,000, ile midogo inakuwa 88, 110 na 40, jumla 44,238. Umelipa shilingi 4,018 zaidi kwa mwaka. Bampa moja na taa ya mbele zinaweza kukugharimu zaidi ya hapo.

Ukiona wamezidisha, peleka taarifa zile zile kwa broka akutafutie bei kwingine. Kumbuka tu kwamba kukataliwa na kampuni moja ni jibu la "ndiyo" kwenye fomu ya kampuni inayofuata.

Kesi ikitokana na ajali, mpangilio unabadilika

Yote niliyosema yanahusu faini ya kawaida. Ukigonga au ukigongwa, na polisi wakataka kukushtaki, usingoje mwisho wa mwaka.

Ripoti kwa polisi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Hiyo ni Sheria ya Trafiki. Chukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio kituoni, na baadaye abstrakti, ile karatasi ya polisi inayothibitisha ajali. Arifu kampuni siku hiyo hiyo. Mikataba ya bima ya magari huwa na sharti kwamba kila barua, dai, na samansi ipelekwe kwa kampuni mara moja, na kwamba uarifu mara tu unapojua kuna mashtaka yanayokuja. Ina pia sharti kwamba usikubali lawama wala kuahidi malipo bila idhini yao.

Hebu tumchukue mwalimu wa Njoro aliyegonga boda boda pale Section 58. Anashtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu. Jirani anamshauri akubali kosa, alipe faini, arudi darasani. Kesi ikivutana itamla siku. Ushauri huo una busara ya siku moja. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya hatia iliyokamilika ni uthibitisho usiopingika kwamba mtu huyo alitenda kosa. Miezi sita baadaye yule wa boda boda anafungua kesi ya fidia, wakili wake anaweka hukumu ile mezani, na wakili wa kampuni ya bima hawezi tena kukana kwamba mwalimu alikosea. Kampuni itamuuliza mwalimu kwa nini haikuambiwa.

Sisemi ukane kosa ulilolitenda. Nasema piga simu kabla ya kujibu shtaka, kisha thibitisha kwa maandishi. Kampuni nyingine hutoa wakili, nyingine hukuambia uendelee mwenyewe, lakini zote zinataka kujua. Kama umeshakubali na ukaona umekosea, muda wa kukata rufaa katika kesi ya jinai ni siku 14 tu, kwa hivyo mtafute wakili wiki hiyo hiyo.

Samansi ya kesi ya fidia nayo usiiweke kabatini. Iwe kwa mkono, iwe kupitia simu, ipeleke kwa kampuni siku uliyoipata, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Dereva wako na wanao

Mwenye gari ndiye anayejibu fomu kwa niaba ya kila anayeshika usukani. Muulize dereva wako ana kwa ana, mwandikishe majibu yake, muone leseni yake. Cheti cha mwenendo mwema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kinacholipiwa shilingi 1,050 na alama za vidole kuchukuliwa Huduma Centre, ni nyongeza nzuri kwa dereva wa kuajiriwa, lakini hakichukui nafasi ya swali la moja kwa moja. Leseni ikisimamishwa na mahakama, funguo zirudi kwako siku hiyo: bima hufunika dereva mwenye leseni ambaye hajazuiwa kuwa nayo.

Kama ulinyamaza na ajali imeshatokea

Sema sasa. Usibuni tarehe wala usimwombe ajenti abadilishe fomu; kosa la kusahau linaweza kujadiliwa, lakini udanganyifu kwenye dai hufunga mlango na unaweza kukupeleka kortini.

Kisha tenganisha mambo mawili. Kwa gari lako mwenyewe, kampuni inaweza kukuandikia barua ya kukataa, na mzigo wa kuipinga ni wako. Kwa mtu mwingine uliyemuumiza, sheria ni kali zaidi kwa kampuni. Ikitaka kukwepa hukumu ya fidia kwa sababu ulificha jambo lenye uzito, lazima ifungue shauri mahakamani kuomba tamko hilo kabla ya kesi ya majeruhi kuanza au ndani ya miezi mitatu baada ya kuanza. Isipofanya hivyo, inalipa, hadi kiwango cha sheria cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Lakini usishangilie mapema. Mikataba huipa kampuni haki ya kukudai wewe kile ilicholazimika kulipa.

Ukiona umekataliwa isivyo haki, omba sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Waandikie majibu yako kwanza wao wenyewe. Wasipobadilika, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambayo makao yake yako Zep-Re Place, Upper Hill, Nairobi. Si lazima usafiri, barua pepe inatosha. Ambatisha picha za fomu, taarifa uliyotuma, uthibitisho wa kupokelewa, abstrakti, na barua ya kukataliwa, kwa mpangilio wa tarehe.